Antena juu ya paa, Chake Chake: tathmini ya huduma ya intaneti baada ya miaka miwili

Kwa miaka miwili na miezi mitatu sasa, duka langu la steshenari lililopo Machomane, hapa Chake Chake, limekuwa likitumia huduma ya intaneti ya kampuni moja ambayo hufunga antena juu ya paa la mteja na kuielekeza kwenye mnara wake. Kampuni yenyewe sitaitaja, kwa sababu ninalotaka kulieleza linahusu zaidi hali ya mteja wa Pemba mbele ya mtoa huduma kuliko jina la kampuni, na kwa sababu vijana wake wa ofisini si watu wa kuaibishwa. Huduma, lakini, nitaieleza kama nilivyoiona, uzuri wake na upungufu wake, maana hakuna wiki inayopita bila ya mtu kuingia dukani, kuitazama ile ruta, yaani kifaa cha kugawa mtandao, ukutani na kuniuliza, "Maalim, na mimi nifunge hii?" Jibu lake ni refu, na kila mara hulitoa nusu nusu huku nahudumia watu wengine.

Duka lina kompyuta tano, printa mbili na mashine ya kopi. Wateja wangu wakubwa ni vijana waliomaliza skuli, ambao huja kuomba nafasi za vyuo na mikopo, ama ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar ama ile ya HESLB, bodi ya mikopo ya Serikali ya Muungano. Wapo pia wazee wanaokuja kutazamiwa matokeo ya mitihani ya wajukuu wao, wafanyabiashara wadogo wanaohitaji kusaidiwa risiti za kielektroniki za Mamlaka ya Mapato Zanzibar, na watu wa kila aina wanaotafuta nambari ya malipo ya huduma fulani ya Serikali. Kazi zote hizi zina sifa moja: zina siku ya mwisho, na siku hiyo haimngojei mtu ambaye mtandao wake umekatika. Kwa hiyo nikisema intaneti ni muhimu kwangu, nasema kwa maana ileile ambayo mvuvi husema mashine ya boti ni muhimu kwake.

Kabla ya antena nilikuwa nikitumia laini ya simu iliyowekwa ndani ya ruta ndogo, na kununua vifurushi. Kwa mtu mmoja mwenye simu yake, kifurushi kinatosha. Kwa duka lenye kompyuta tano zinazojisasisha zenyewe bila ya kuomba ruhusa, kifurushi cha wiki huisha siku ya tatu. Nilipoelezwa kwamba kuna huduma ya mwezi mzima kwa shilingi 70,000, kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, bila kikomo cha matumizi, na gharama ya kufungiwa ya shilingi 150,000 inayolipwa mara moja tu, nilipiga hesabu na kuona kwamba nitakuwa nimeokoa fedha ndani ya miezi minne. Hesabu ile haikuwa na makosa. Kilichokosekana ndani yake ni bei ya siku ambazo huduma haipo, na hiyo sikuweza kuijua mpaka nilipoilipa.

Nianze na mazuri, kwani yapo na ni ya kweli. Asubuhi, kuanzia saa mbili hadi kama saa nane mchana, huduma hii ni nzuri kuliko chochote nilichowahi kukitumia Pemba. Kurasa zinafunguka papo hapo, fomu ndefu za maombi hazikatiki katikati, na mwalimu mmoja aliyekuja kuhudhuria mafunzo kwa njia ya video aliweza kukaa saa mbili nzima bila ya sauti kukwama. Umeme ukikatika, mradi nimewasha betri yangu ya akiba, mtandao huendelea kwa muda mrefu, jambo linaloonesha kwamba na mnara wao una nishati ya akiba inayotunzwa vizuri. Mambo haya nayahesabu kwao kwa haki.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo limewachanganya wateja wengi, na ambalo wauzaji wa huduma hizi hulitumia kwa kunyamaza. Megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo anayeuziwa megabiti 10 kwa sekunde, katika hali bora kabisa, anapata megabaiti moja na robo kwa sekunde. Faili la video la megabaiti 300 litapakuliwa kwa dakika nne. Mtu aliyedhani kwamba lingechukua nusu dakika hakudanganywa kwa neno lolote lililoandikwa, bali aliachwa adhani hivyo. Muuzaji mwenye insafu angelimweleza mteja kwa kipimo anachokiona kila siku: faili la ukubwa huu litachukua dakika hizi.

Tatizo la kwanza huanza magharibi. Baada ya sala, nyumba zote zilizounganishwa na mnara uleule hurudi kwenye simu na televisheni zao, na ile njia moja ya mawimbi inayotoka mnarani hugawanywa kwa wote. Nimepima kasi kwa muda wa wiki sita mfululizo, mara tatu kwa siku, nikaandika katika daftari. Asubuhi nilikuwa nikipata megabiti 8 hadi 10; saa tatu usiku, aghalabu, nilipata chini ya 2, na siku moja ilishuka hadi 1.6, ambapo faili lile la dakika nne lingehitaji dakika 25. Kugawana njia si kosa lenyewe. Hakuna mtoa huduma duniani anayemtengea kila mteja wa nyumbani njia yake peke yake kwa bei ya nyumbani, na mteja mwenye busara hadai hivyo. Kosa ni kuuza kasi ya asubuhi kana kwamba ndiyo ya usiku, na kuendelea kuongeza wateja kwenye mnara uliokwisha kujaa.

Halafu kuna hilo neno "bila kikomo". Mkataba nilioutia saini una kurasa nne, kwa Kiingereza, kwa herufi ndogo ambazo mimi, niliyefundisha darasani kwa miaka 31, nilizisoma kwa kuvaa miwani na kukaa karibu na dirisha. Katika ukurasa wa tatu mna sentensi inayosema kwamba matumizi yakizidi kiwango ambacho kampuni itakiona kuwa cha kawaida, kampuni inaweza kupunguza kasi. Kiwango chenyewe hakikutajwa. Nilimuuliza kijana aliyenisajili ni kiwango gani, akaniambia kwa ukweli wake kwamba na yeye hajui. Mkataba unaotumika Chake Chake, baina ya kampuni inayouza kwa Kiswahili na mteja anayenunua kwa Kiswahili, unapaswa kuandikwa kwa Kiswahili, na kikomo kikiwepo kitajwe kwa nambari. Sioni hoja yoyote ya kibiashara inayoweza kupinga hilo kwa nia njema.

Mambo hayo mawili, hata hivyo, nisingeyaandikia makala. Lililonifanya nikae kuandika ni siku kumi na moja za mvua za masika mwaka huu.

Jumanne moja jioni, baada ya mvua kubwa ya alasiri, taa ya ruta iliyokuwa ikiwaka kijani iligeuka nyekundu. Nilifanya yale ambayo kila mtu hufanya: nikazima, nikawasha, nikachomoa waya na kuurudisha. Kesho yake asubuhi nikapiga simu ya huduma kwa wateja, nikaambiwa kuna tatizo la jumla la mtandao na mafundi wanalishughulikia. Niliamini, mpaka nilipopita kwa jirani yangu mwenye duka la dawa, mteja wa kampuni ileile, nikaikuta huduma yake inafanya kazi kama kawaida. Nilipopiga tena siku ya Alhamisi nilijibiwa vilevile, neno kwa neno, na ndipo nilipofahamu kwamba aliyenijibu hakuwa ameangalia chochote; alikuwa akisoma maneno aliyopewa ayasome.

Ijumaa nilikwenda ofisini mwenyewe. Binti aliyekuwa zamu alinipokea kwa adabu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Mimi sina tatizo la jumla. Jirani yangu anapata, mimi sipati. Nataka fundi."

"Fundi yupo Wete, Maalim, ana kazi nyingi kule. Akimaliza atakuja kwako."

"Mna mafundi wangapi Pemba nzima?"

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni yeye."

Jibu lile nimelitafakari kuliko maneno yote ya mkataba. Tukizungumza juu ya ukosefu wa ushindani, mawazo yetu hukimbilia bei: tunadhani kampuni iliyo peke yake itapandisha bei. Mara nyingi haipandishi. Bei hubaki palepale, na kinachopunguzwa ni vile ambavyo mteja havioni siku anapotia saini, kama vile idadi ya mafundi, akiba ya vifaa ghalani, na watu wa kupokea simu wanaojua wanachokisema. Kisiwa chenye watu zaidi ya nusu milioni, kutoka Konde hadi Mkoani, kinatembelewa na fundi mmoja kwa pikipiki, na kampuni haipati hasara yoyote kwa hilo, kwa sababu mteja anayesubiri siku kumi na moja hana pahala pengine pa kwenda.

Fundi alifika Jumamosi ya wiki ya pili. Ni kijana mpole, mwenye mikono iliyozoea kazi, na kabla ya kupanda ngazi aliniomba radhi kana kwamba kosa lilikuwa lake. Alipofika juu ya paa aliufungua mkanda mweusi uliozungushiwa kichwa cha waya chini ya antena, akanionesha. Mkanda ulikuwa umepasuka kwa jua, maji ya mvua yalikuwa yameingia, na zile pini ndogo za shaba zilikuwa zimeota kutu ya kijani kama senti ya zamani iliyookotwa pwani. Akakikata kile kichwa, akauchuna waya, akazipanga nyuzi nane kwa rangi zake, chungwa na nyeupe yake, kijani na nyeupe yake, akazitia katika kichwa kipya na kuzibana kwa koleo. Safari hii alizungusha mkanda wa mpira kwanza, ndipo wa plastiki, na kuuacha waya ulegee kidogo chini ya antena ili maji yadondoke badala ya kuufuata waya hadi kwenye kichwa. Kazi yote ilichukua dakika ishirini. Taa ikawaka kijani naye bado yupo juu ya ngazi.

Nilimuuliza kwa nini hawakufunga hivyo tangu mwanzo. Akasema kwamba siku ile alipewa nyumba sita za kufunga kabla ya magharibi. Sina neno kwake.

Katika siku hizo kumi na moja nilitumia shilingi 31,000 kununua vifurushi vya simu ili duka lisifungwe. Na hapa ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Huduma hii hulipiwa mbele. Mwezi wangu ukimalizika saa sita usiku, hukatwa saa hiyohiyo bila ya mtu kupanda paa wala kusubiri pikipiki kutoka Wete. Mashine yao inajua dakika niliyokoma kuwa mteja. Lakini ilipokuwa huduma haipo kwa siku kumi na moja, saa ile haikusimama. Iliendelea kunihesabia siku kana kwamba natumia, na mwezi ulipokwisha nilitakiwa kulipa 70,000 kamili. Ikiwa mtambo una uwezo wa kujua kwamba sikulipa, una uwezo wa kujua kwamba sikupewa.

Nilirudi ofisini na daftari langu. Shilingi 70,000 kwa siku 30 ni 2,333 kwa siku, na kwa siku kumi na moja ni takribani 25,660. Niliandika barua ya ukurasa mmoja, nikaambatanisha tarehe na saa za simu zangu zote, nikataka nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa. Binti wa zamu alisita kwenye muhuri kuliko kwenye barua yenyewe, akaenda ndani kuuliza, akarudi akaugonga. Baada ya siku tisa nilipigiwa simu kuelezwa kwamba nimeongezewa siku sita "kwa hisani ya kampuni". Siku sita nilizipokea, ni sawa na shilingi 14,000. Neno hisani nililikataa, na nikamwambia mkubwa aliyenipigia kwamba anayerudishiwa fedha ya kitu ambacho hakukipokea hafanyiwi hisani.

Sasa, haki za mteja zimesema nini? Wengi wetu hatujui hata mlango wa kubisha, kwa hiyo nitaeleza niliyoyafuatilia. Mawasiliano ya posta na simu ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Katiba ya 1977, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na yenye ofisi yake Zanzibar. Sheria hiyohiyo ndiyo iliyoanzisha Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, ambalo kazi yake ni kuwasemea watumiaji. Utaratibu ni huu: mteja huanza kulalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, asiporidhika hupeleka malalamiko TCRA, na uamuzi wa huko unaweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Ushindani. Kwa upande wa Zanzibar ipo pia Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC, chini ya sheria namba 5 ya mwaka 2018, inayoshughulikia ushindani na kumlinda mlaji wa bidhaa na huduma. Kwa hiyo si kweli kwamba mteja wa Pemba hana pa kushitakia. Lakini hatua ya kwanza ndiyo inayowashinda wengi, kwa sababu hawana ushahidi kwamba walilalamika. Simu haina muhuri. Barua inao, na hiyo ndiyo sababu ya mimi kuung'ang'ania.

Inafaa pia kukumbuka kwamba msimamizi akiamua, jambo hufanyika. Mwezi wa Aprili 2021 TCRA ilileta kanuni ndogo za vifurushi vya simu. Bei mpya zilizotangazwa wakati ule zilizusha kelele nchi nzima na zikasitishwa mara moja, na wengi tunaukumbuka mwaka ule kwa bei hizo. Lakini ndani ya kanuni zenyewe mlikuwa na mambo mema: mteja apewe taarifa matumizi yake yanapofika asilimia 75 na yanapofika asilimia 100, aweze kumhamishia mwengine kifurushi ndani ya mtandao uleule, na asitozwe nje ya kifurushi bila ya ridhaa yake. Leo ujumbe ule wa asilimia 75 tunauona kuwa ni jambo la kawaida, ilhali kabla yake mtu aliona tu salio limetoweka. Kwa intaneti ya antena na ya waya, ambako anachonunua mteja ni siku na kasi badala ya megabaiti, kinga ya namna hiyo ingekuwa ni siku iliyopotea kurudishwa yenyewe, bila ya barua, bila ya muhuri na bila ya hisani. Hilo ndilo ambalo ningependa kuliona limeandikwa kwa maneno yasiyohitaji mwanasheria.

Wapo watakaosema kwamba dawa ya huduma mbaya ni kuhama. Kwa simu, kweli, dawa hiyo ipo: tangu Machi 2017 mtumiaji wa simu Tanzania anaweza kuhamia mtandao mwengine na nambari yake ileile. Kwa antena hakuna kitu cha namna hiyo. Antena niliyoilipia imefungwa kwa nywila ya kampuni na haizungumzi na mnara wa mtu mwengine. Nikihama, shilingi 150,000 zangu zinabaki juu ya paa zikipata kutu. Na kuhamia wapi? Niliita watoa huduma wengine wawili. Mmoja alikuja, akasimama barazani, akatazama kilima cha upande wa mashariki na minazi iliyo juu yake, akasema mnara wake hauonekani kutoka hapa. Mwengine hajafika hadi leo.

Kilima hicho si kisingizio, nami nataka kuwa mwadilifu katika hili. Waarabu waliiita Pemba Al-Jazira al-Khadra, kisiwa cha kijani, na kijani hicho ni vilima na mabonde yasiyokwisha yaliyofunikwa kwa mikarafuu na minazi. Mawimbi ya antena yanataka kuonana uso kwa uso. Mnara mmoja ambao ungehudumia tambarare pana ya kusini mwa Unguja, huku unahudumia bonde moja na kuliacha la pili. Pamoja na hayo, hoteli za Nungwi na Paje zimewavuta watoa huduma kwa sababu zinalipa vizuri, na Pemba hoteli ni chache. Haya yote ni kweli, na yanaeleza kwa nini watoa huduma ni wachache. Hayaelezi kwa nini mteja wa huyo mmoja aliyepo alipishwe siku ambazo hakuhudumiwa.

Na katika laini za simu, ambazo ndizo kimbilio letu, wingi wa majina nao usitudanganye. Zantel, iliyoanzishwa hapa Zanzibar mwaka 1999 na ambayo wengi wetu tulianza nayo, ilinunuliwa sehemu yake kubwa, asilimia 85, na Millicom iliyokuwa mmiliki wa Tigo mwaka 2015. Biashara hizo mbili zikaungana, zikaingia mikononi mwa kampuni ya Axian mwaka 2022, na tangu Novemba 2024 jina ni Yas. Simtii mtu makosani kwa hilo. Ni biashara halali iliyopita kwa wasimamizi. Lakini mzee aliyekuwa akiweka laini mbili mfukoni ili moja ikishindwa atumie ya pili, anapaswa ajue kwamba mbili hizo leo ni nyumba moja. Anayetaka akiba ya kweli achague laini ya kampuni nyengine kabisa, iwe Airtel, Vodacom, Halotel au TTCL, kwa kuangalia ipi inayokamata vizuri ndani ya nyumba yake na si ile inayosifiwa mjini.

Jambo moja nimejifunza kuhusu subira ya wateja. Tarehe 12 Mei 2024 mtandao ulizorota nchi nzima na katika nchi jirani, kwa sababu mikonga ya baharini ya EASSy na SEACOM, yaani nyaya kuu za intaneti zilizolazwa chini ya bahari, ilipata hitilafu upande wa kusini, baina ya Msumbiji na Afrika Kusini. Waziri aliyekuwa na dhamana wakati ule, Nape Nnauye, aliwaeleza wananchi sababu, na dukani kwangu hakuna aliyegombana nami wala na kampuni. Vijana walikaa barazani, wakasubiri, wengine wakarudi kesho. Watu wanavumilia bahari. Wasichokivumilia ni kuambiwa tatizo ni la jumla ilhali ni mkanda uliopasuka juu ya paa lao.

Kwa hiyo, nifunge au nisifunge? Kwa nyumba yenye watoto wanaosoma na mtu anayetaka kuangalia habari na kuzungumza na jamaa walio Oman au Uingereza, huduma hii inafaa, na kwa bei yake ni nafuu kuliko vifurushi, mradi ajue kwamba usiku itakuwa nzito. Kwa anayeitumia kwa kazi zenye siku ya mwisho, achukue tu ikiwa atatenga angalau shilingi 20,000 za akiba kwa laini ya simu ya kampuni tofauti, na azihesabu kuwa ni sehemu ya bei tangu siku ya kwanza. Kabla ya kulipa, asimame na fundi wakati wa kufunga na ahakikishe kichwa cha waya cha nje kimezungushiwa mkanda wa mpira. Aombe kuandikiwa kwa mkono, chini ya mkataba, kiwango cha matumizi ambacho kikipitwa kasi hupunguzwa, na idadi ya siku ambazo ndani yake fundi atafika. Na wakikataa kuandika, angalau atakuwa amejua kabla ya kutoa fedha. Asilipe miezi mingi kwa pamoja hata akipewa punguzo, maana malipo ya mwezi ujao ndiyo kitu pekee alichonacho mkononi ambacho kampuni inakitaka.

Mimi bado ni mteja wao. Mwezi uliopita huduma ilikatika kwa siku mbili, nikapeleka barua, na safari hii binti wa zamu aliupiga muhuri bila ya kwenda ndani kuuliza. Siku mbili nimeongezewa, kamili.